Chupa Kumi na Tisa za Buluu

Mwanamume mwenye sanduku jeusi alikata kona kwenye duka la kofia, akaruka ngazi tatu, akaingia kichochoro kinachoshuka hadi mferejini.

Sindano alikuwa hatua ishirini nyuma yake.

Kumi na tano.

Kumi.

Begi lilimgonga mgongoni kila alipokanyaga. Mama yake alikuwa na tabia ya kumjazia vitu kila asubuhi: mwavuli, sweta, matunda ya njiani. Leo alikuwa amejaza nini, Mungu ndiye ajuaye, maana mikanda ilikuwa inamkata mabega.

Kichochoro chenyewe kilikuwa kizuri. Kuta zake zilipakwa rangi ya machungwa, maua yalining'inia kwenye kila dirisha, na mwisho wake maji yalimetameta chini ya daraja dogo la mawe. Ni mahali ambapo watu huvuka bahari kuja kupigia picha. Sindano hakuona hata ua moja. Aliona kisogo, sanduku, na mkono wa kulia, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaochomoa bastola.

Akamrukia.

Wakaanguka pamoja, wakabiringika hadi ukingoni mwa mfereji. Sanduku likafunguka, vitu vikamwagika juu ya mawe.

Miwani ya jua.

Miwani kama mia mbili hivi, yote bandia, yote ya rangi ya waridi.

"Sina leseni, dada!" mwanamume alilia. "Nakiri! Lakini nimeiomba tangu mwezi wa tatu, kila nikienda naambiwa njoo kesho!"

Sindano alimwachia ukosi wa shati. Akasimama, akajipangusa magoti, akamsaidia kuokota miwani. 

"Sindano, hapa Makao," sauti ya Mkuu ilisema ndani ya sikio lake la kushoto. "Umempata mtu wetu?"

"Nimempata muuza miwani."



"Huyo ni wa sita," Mkuu alisema.

"Najua kuhesabu, Mkuu."

Tuseme ukweli, mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Wiki tatu zilizopita, kidonge cha mionzi chenye ukubwa wa punje ya hindi kiliibwa kutoka kwenye mashine ya kutibia saratani. Kikikaa ndani ya kasha la madini ya risasi, hakimdhuru mtu. Kikitolewa nje, anayekishika hamalizi mwezi. Kulikuwa na watu wa nje waliotaka kukisaga na kukimwaga kwenye tangi la maji la jiji lenye watu milioni mbili. Makao walijua jambo moja tu: kidonge kilikuwa kinasafiri ndani ya Ziara ya Miji Saba ya Majini, safari ya siku kumi na nne ya wastaafu kumi na wanane. Wezi walikuwa wamefikiri vizuri. Hakuna afisa forodha mwenye moyo wa kumpekua bibi wa miaka sabini na miwili.

Na bibi mmoja wa miaka sabini na miwili alikuwa mama yake Sindano.

Alikuwa amejiandikisha mwenyewe, bila kujua lolote. Mkuu aliona jina lake kwenye orodha, akasugua viganja. "Utamsindikiza mama yako," aliamuru. "Sijaona kisingizio kizuri kama mama."

Mama, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anamwomba bintiye achukue likizo katika ile ofisi ya bima anayosema anafanya kazi, alilia mlangoni kwa furaha. Sindano alimkumbatia huku akijichukia.

Basi wakaanza kuzunguka. Mji wa kwanza ulijengwa juu ya nguzo katikati ya ziwa, na Sindano aliuona kupitia tundu la chumba cha mizigo, akipekua masanduku. Mji wa pili ulikuwa na madaraja arobaini. Yeye alikuwa amelala chini ya basi. Wa tatu ulikuwa na ngome iliyoingia baharini na njiwa weupe juu yake, wenzake walisema. Yeye alikuwa kabatini. Alipekua fimbo za kutembelea, vikopo vya dawa, viatu, hata meno ya bandia. Hakupata kitu. Na katika kila mji Mama alitafuta benchi linalotazama maji, akaweka kitambaa chake mahali pa pili pa kukaa, akamwita. Kila mara Sindano alijibu, "Nakuja, Mama, naenda msalani."

Wastaafu walikuwa wameanza kumpa dawa za tumbo.

"Sikiliza sasa," Mkuu alisema sikioni. "Tumeufungua ujumbe wao dakika nne zilizopita. Mzigo umo ndani ya chupa ya chai. Ya buluu. Mnunuzi anapokea leo saa kumi kamili, gati la tatu."

Sindano alifumba macho.

Siku ya kwanza ya safari, kiongozi wa ziara alikuwa amemgawia kila msafiri zawadi ya kampuni. Chupa ya chai ya buluu. Wastaafu kumi na wanane na yeye, chupa kumi na tisa, zote sare. Siku kumi na nne walikuwa wanazimimina mbele ya pua yake.

"Mkuu, nitaijuaje?"

"Una saa yetu mkononi. Ina kipima mionzi."

"Itapiga kelele chupa ikishafunguliwa."

"Ndiyo."

"Yaani nikishapata yangu."

"Usianze, Sindano. Boti ya ziara inaondoka saa tisa na nusu. Una dakika sita."

Alikimbia.

Boti ilikuwa ndefu, bapa, yenye paa la turubai na mabenchi ya mbao pande zote mbili. Ilikuwa imeshaachana na ukingo aliporuka. Alitua juu ya miguu ya mtu, akaomba radhi, akajisukuma hadi alipokaa mama yake.

"Tumbo?" Mama aliuliza.

"Tumbo."

"Pole. Keti basi uone. Hizo nyumba zote zimesimama majini, umewahi kuona? Kaa hapa."

Sindano hakukaa. Alikuwa anaangalia chupa. Zilikuwa mapajani, miguuni, ubavuni mwa watu. Na kila moja ilikuwa na kipande cha plasta nyeupe na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Mama, hizi plasta ni nini?"

Mama alijinyoosha. Kabla ya kustaafu alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na haikuwahi kupotea hata sindano moja ya kushonea.

"Mimi nimechoka," alisema. "Jana nimekunywa chai ya mtu, haina sukari, na yangu kainywa sijui nani. Sasa leo asubuhi wakati wa chai nimezikusanya zote, nimeingia jikoni, nimeziosha, nimepika chai yangu, nimegawa upya, kila chupa na namba ya chumba. Vurugu zimekwisha."

Vurugu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Majasusi wa mataifa mawili, wahandisi na walinzi wenye bunduki hawakuweza kuvuruga mpango wa magendo ule. Mtunza stoo mmoja mwenye plasta aliuvuruga kabla ya saa mbili asubuhi.

Sindano alivua begi, akaliweka benchini karibu na Mama, akaanza kupita kati ya safu. Akatabasamu kushoto, akatabasamu kulia. Alifika kwa Bwana Posta, mzee mrefu aliyekuwa mkuu wa posta, ambaye alikuwa anaipandisha na kuishusha chupa yake kwa mkono mmoja.

"Binti yangu," mzee alisema, "mama yako kanipa nyepesi. Yangu ilikuwa nzito kwelikweli."

"Nzito, Baba? Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Miaka thelathini nimebeba magunia ya barua. Nilijua ni chupa imara."

"Na chai uliipataje humo?"

"Sinywi chai. Daktari kanikataza. Naibeba kwa sababu nimepewa."

 Mtu asiyekunywa chai, asiyelalamikia uzito. Wezi walimchagua vizuri sana. Na aliyegawa chupa siku ya kwanza alikuwa mmoja tu.

Akageuza shingo.

Kiongozi wa ziara alikuwa kijana wa shati jeupe, meno mazuri, bendera ya njano juu ya kijiti. Kwa siku kumi na nne hakumbebea mtu hata mwavuli. Bibi mmoja alianguka kwenye ngazi za mji wa nne, naye akaendelea kueleza habari za mnara. Sasa alikuwa anashuka katikati ya boti, jasho linamtiririka, mikono ameitandaza.

"Wazee wangu, leteni chupa niwabebee. Mpumzishe mabega jamani, leteni."

"Niachie mimi, kaka," Sindano alisema. "Wewe endelea na historia ya daraja."

"Hapana dada, ni kazi yangu."

"Umechoka, kaka."

"Wala sijachoka."

Walitazamana. Kila mmoja alijua. Kisha wakaanza kukusanya, yeye safu ya kulia, kiongozi safu ya kushoto, wote wawili wanatabasamu, wote wawili wanapima kwa mkono. Nyepesi. Nyepesi. Hii ina chai nusu. Hii tupu. Wazee waliwang'ang'ania chupa zao. "Bado nakunywa!" "Hiyo ni ya chumba cha tisa, usiichanganye tena!" Boti ilipita chini ya daraja, nyuso zikaingia kivulini zikatoka. Saa ya mkononi ilionyesha dakika nane kabla ya saa kumi.

Chupa kumi na nane. Zote nyepesi.

"We mtoto!" Mama aliita. "Unakusanya chai yangu kwa nini?"

Sindano alisema neno la kwanza lililomjia.

"Hoteli wamepiga simu, Mama. Wanasema maji ya chai hayakuwa salama."

Lilikuwa kosa kubwa. Mama alisimama.

"Maji hayakuwa salama? Maji niliyoyachemsha mimi? Mimi?" Boti nzima iligeuka kumtazama. "Nimesuuza chupa kumi na nane kwa mikono yangu! Na hiyo ya kumi na tisa ingefunguka ningeisuuza nayo! Nimeigonga kwa mpini wa kisu, nimeitia maji moto, nimeibana mlangoni, imekataa!"



"Iko wapi, Mama?"

"Si nimekuwekea kwenye begi lako asubuhi! Nzito sana hiyo, wazee hawa wataibebaje? Wewe una mgongo mzuri."

Alikuwa ameibeba tangu asubuhi. Alikuwa amepanda nayo ngazi, amekimbia nayo mji mzima, amemrukia nayo muuza miwani na kubiringika juu ya mawe. Miji saba. Masanduku, meno ya bandia, chini ya basi. Na kitu chenyewe kilikuwa mgongoni mwake, kando ya sweta. Alitamani kupiga kelele. Aliangalia saa. Ilikuwa kimya. Hakuna kilichovuja.

Kisha akakumbuka kwamba kiongozi naye ana masikio.

Begi lilikuwa benchini, hatua tatu kutoka kwa kiongozi, hatua saba kutoka kwake. Na ndani ya begi hilohilo, chini ya mwavuli, ilikuwamo bastola yake, Glock.

Kiongozi alitupa chupa zote alizoshika. Akaruka. Akalidaka begi kwa mkanda, akaelekea ukingoni kwa nguvu zake zote.

Begi halikwenda.

Mji wa pili, mwenzao mmoja aliibiwa mkoba. Tangu siku hiyo Mama hakuacha begi lolote bila kulifunga, na alilifunga kwenye mguu wa benchi kwa fundo la stoo, lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Mkanda ulimrudisha kiongozi nyuma kwa kishindo, akaketi kwenye mapaja ya Bwana Posta.

Mkono wa kulia wa kiongozi uliingia chini ya shati. Ukatoka na bastola.

Sindano alikuwa ameshika chupa ya chumba cha tisa. Aliifungua kwa kidole gumba, akammwagia usoni.

Mama hupika chai ya moto.

Kiongozi alipiga ukelele, risasi ikatoboa turubai la paa. Mikono miwili ya Bwana Posta ikamzunguka kifuani ikafunga. "Tulia, kijana," mzee alisema. Sindano akamaliza: kifundo cha mkono, kiwiko, goti. Bastola ikaanguka majini. Bangili mbili za plastiki alizofungia nywele ziliingia kwenye mikono ya kiongozi na nguzo ya benchi.

 Wastaafu kumi na wanane walikuwa wanamtazama.

"Binti," Bwana Posta aliuliza, "hiyo ni bima ya aina gani?"

Simu ya kiongozi ililia mfukoni mwake. Sindano aliichomoa, akatoa Glock begini, akaikandamiza kwenye shavu la kiongozi, akaweka simu karibu na mdomo wake.

"Mko wapi?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Da... dakika nne."

"Nikujueje kwenye watu?"

Sindano alisukuma bastola kidogo.

"Bendera ya njano," kiongozi alisema.

Sindano akakata simu.

Mwendesha boti, ambaye hakuwa amegeuka wakati wote kwa hofu, aliambiwa aendelee kama kawaida. Sindano alirudi kwenye begi. Ilikuwamo. Chupa ya buluu, plasta safi, namba ya chumba chake kwa mwandiko wa mama yake. Aliishika kwa mikono miwili, akamkabidhi Bwana Posta.

"Baba, ibebe kidogo tena. Usiiangushe."

"Barua sijawahi kuangusha," mzee alijibu.

Gati la tatu lilikuwa la mbao, pana, limejaa watalii wanaolamba aiskrimu. Mwisho wake boti ya kasi ilikuwa inangurumisha injini ya Yamaha. Mbele ya boti alisimama mwanamume wa koti la kijivu, na hakuwa anaangalia mandhari.

Sindano alishuka peke yake. Mkono wa kushoto alibeba chupa ya chai ya mama yake. Mkono wa kulia aliinua bendera ya njano.

"Nilitegemea mwanamume," koti la kijivu lilisema.

"Anaumwa tumbo."

Akampa chupa. Mwanamume aliipima mkononi. Akaipima tena. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni nyepesi."

"Nzito iko hapa," Sindano alisema.

Bendera ya njano ilikuwa imeshuka, imefunika mkono wake wa kulia, na kitambaa kilikuwa kimemgusa mwanamume chini ya mbavu. Aliuhisi mdomo wa bastola. Akainua mikono polepole.

Rubani wa boti ya kasi hakusubiri. Yamaha ikanguruma. Sindano alinyoosha mkono bila kumwachia mtu wake, akafyatua mara mbili. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Watalii walitupa aiskrimu wakalala chini. Boti mbili za polisi zilitokea nyuma ya kisiwa, zimechelewa kama kawaida yao.

"Makao, hapa Sindano. Mzigo ninao. Mnunuzi ninaye. Mtoaji amefungwa kwenye benchi."

"Kidonge?"

"Kimelala."

Mkuu alishusha pumzi ndefu. "Gari linakungoja juu ya ngazi. Ndege ni baada ya dakika arobaini. Kuna jambo limezuka kwingine."

Watu wa glavu nene walikuja na kasha la chuma, wakaichukua chupa kutoka kwa Bwana Posta, ambaye aliwadai sahihi kwanza. Kiongozi alipitishwa, uso umevimba. Chupa nyingine zote zilitiwa kwenye mifuko ya ushahidi, pamoja na chai.

Mama alikuwa ameshuka, amesimama pembeni mwa gati na mkoba wake kifuani. Mbele yake maji yalitanuka hadi kwenye vilima, nyumba nyeupe zimepanda juu yake ngazi kwa ngazi. Hakuwa anaviangalia.

"Uko salama, Mama? Hukuumia?"

"Sikuumia."

"Ningekuambia, lakini kazi yenyewe..."

"Kwa hiyo ulikuja kazini," Mama alisema.

Sindano aliangalia mbao za gati.

"Mimi nimewaambia majirani wote. Nimemwambia shangazi yako. Nimesema, mwanangu safari hii kachukua likizo kwa ajili yangu." Sauti yake haikupanda. Laiti ingepanda. "Miji saba nimekuwekea mahali pa kukaa. Nikasema anaumwa tumbo, kesho atakaa."

"Mama, watu milioni mbili wangekufa."

"Nimesikia. Umefanya vizuri." Alimrekebishia ukosi wa koti, kama alivyomrekebishia tangu akiwa shule ya msingi. "Nenda basi. Gari lako linakungoja."

Kisha Mama akaenda kwenye benchi lililotazama maji, akaketi. Akaweka mkoba wake mahali pa pili.

Sindano alivaa miwani yake ya jua. Alipanda ngazi moja moja, bila haraka, begi jepesi mgongoni, koti limefungwa vizuri juu ya Glock. Polisi walimpisha. Mtalii mmoja alimpiga picha. Dereva alimfungulia mlango wa gari jeusi, naye akaingia bila kugeuka, maana alijua akigeuka hataondoka.

Gari lilianza kupanda kilima.

"Kazi safi," Mkuu alisema sikioni. Alikuwa na furaha sasa, alitaka maongezi. "Wanasema mji huo ndio mzuri kuliko yote saba. Ukoje?"

Sindano alivua kisikilizi, akakitazama, akakirudisha.

"Sijui, Mkuu," alisema. "Muulize mama."